Rangi ya mlango wa chuma: kwa nini inabanduka, na vumbi lake la kuogopa

Milango mingi ya mbele Kibaigwa ni ya chuma, na fundi wa kuchomelea huikabidhi ikiwa imepakwa redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Wengine huishia hapo. Wengine huongeza rangi ya mafuta sikukuu ikikaribia, na msimu mmoja wa mvua ukipita rangi inabanduka, lawama zinakwenda dukani. Mara nyingi kopo halina kosa. Ukikaa kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, au karibu na soko la mahindi, unajua malori yanavyotimua vumbi. Rangi iliyopakwa juu ya vumbi imeshika vumbi, haikushika chuma.

Kwa hiyo osha kwanza kwa sabuni, hasa karibu na kitasa ambako mafuta ya mikono yamejaa. Kisha sugua rangi iliyolegea na kutu.

Hapa kwenye kusugua tunaomba uangalifu. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano, nyekundu na kijani, huenda zina madini ya risasi, na kwa macho huwezi kujua. Unga wake ukimwingia mtoto, kwa pumzi au kwa mikono anayotia mdomoni, unadhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na linashauri rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika milioni. Basi tumia msasa wa maji, usisugue pakavu, wala usiunguze rangi kwa moto. Tandika nailoni chini, ziba pua na mdomo, watoto wakae mbali. Kuku pia, maana hudonoa kila kitu.

Maji nayo yana shida yake: chuma kilichobaki wazi hushika kutu upesi. Futa, acha kikauke kabisa, paka redoksaidi siku hiyohiyo.

Rangi ya mafuta ipakwe mapema, kabla upepo haujaamka na bati la mlango halijapata moto. Juani rangi hukauka juu tu, chini ikabaki mbichi, ikatoa malengelenge. Mwagia maji uwanja ulio mbele ili vumbi litulie. Mikono miwili myepesi inashinda mmoja mzito. Thina iwe kidogo; petroli usiweke, inashika moto kirahisi. Usisahau ukingo wa chini, maana kutu huanzia pale maji ya mvua na ya kudekia yanapotuama.

Mlango wa faiba haupati kutu, hivyo hauhitaji redoksaidi. Uoshe, upitishe msasa laini ili rangi ipate pa kushika.

Wowote uliopaka, uache wazi mpaka jioni. Ukiufunga mapema utanata kwenye fremu, na kesho ukiuvuta rangi itatoka nao.