Usifomati Kabla ya Kunakili: Matatizo ya Diski katika Kompyuta Kuukuu za Vyama

Chama cha msingi kikishaweka hesabu zake katika kompyuta, diski ya kompyuta hiyo huwa ghala la pili la chama. Ghala la kwanza lina kahawa ya Rungwe, kakao ya Kyela au mahindi ya Kilolo. La pili lina majina ya wanachama, kilo walizopimiwa na fedha wanazodai. Mazao yakishauzwa na ghala la kwanza likabaki tupu, ni hilo la pili linaloonyesha nani anastahili malipo ya pili, na kiasi gani. Kwa sababu hiyo, katibu aambiwapo na fundi kwamba mashine kuukuu itapona ikifomatiwa, hana budi kufahamu kwanza maana ya neno hilo.

Kugawa diski ni kujenga kuta ndani ya ghala ili liwe na vyumba viwili au zaidi. Kufomati ni kufungua daftari jipya la chumba, linaloonyesha kila mzigo umewekwa wapi. Na daftari jipya likifunguliwa, la zamani hutupwa. Ukifomati kwa njia ya haraka, magunia hubaki mahali pake ingawa hakuna tena ajuaye yalipo. Mtaalamu aweza kuyapata, maadamu mengine hayajawekwa juu yake. Kufomati kikamilifu ni jambo jingine. Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote mwaka 2007, njia hiyo huandika sufuri chumba kizima, na hapo hakuna cha kurudisha.

Matatizo manne hujitokeza mara kwa mara katika mashine za zamani, na dawa yake huanzia mahali tofauti.

La kwanza ni kompyuta kutoiona diski kabisa. Mashine hizo hutunza habari za diski katika kumbukumbu ndogo inayotegemea betri ya duara. Betri ikifa, saa na tarehe hurudi nyuma kila mashine izimwapo, na diski yaweza kusahauliwa. Dawa ni kubadili betri na kuingiza habari upya. Yafaa pia kuangalia waya bapa unaounganisha diski. Waya huo ukiwa na diski mbili, moja hupangwa kuwa ya kwanza na nyingine ya pili, kwa kidaraja kidogo kilichopo nyuma ya kila diski. Zikipangwa sawa, huenda zote mbili zisionekane. Aidha, mashine iliyoshushwa kutoka baridi ya Tukuyu hadi joto la Kyela isiwashwe mara ifikapo. Iachwe saa kadhaa ili umande uliojikusanya ndani ukauke.

La pili ni diski kuonekana ndogo kuliko ilivyo. Kompyuta ya IBM XT ya mwaka 1983 ilikuwa na diski ya megabaiti 10 tu, na watengenezaji wa siku zile hawakutazamia ukubwa wa leo. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zilikomea megabaiti 504. Za baadaye zilikomea gigabaiti 8.4, na nyingine 137. Diski ya gigabaiti 160 ikitiwa katika mashine ya namna hiyo huonekana pungufu, na kufomati hakuwezi kuirefusha. Chama kinunue diski inayolingana na mashine. Hatari kubwa zaidi ni kuhamishia humo diski iliyokwisha kugawiwa kwa ukubwa wake wote katika mashine mpya: maandishi yanayovuka mpaka yaweza kurudi mwanzo wa diski na kuharibu yaliyopo.

La tatu ni chumba kilichojaa kuonekana kama kitupu. Windows 98 haiufahamu mpango wa NTFS uliotumiwa na Windows 2000 na Windows XP, hivyo chumba kilichopangwa kwa NTFS hakionekani humo. Vilevile, daftari la chumba likiharibika, Windows za baadaye husema kwamba diski haijafomatiwa na kuuliza kama ifomatiwe. Jibu ni hapana. Diski itolewe, ipelekwe kusomwa katika mashine nyingine iliyo nzima.

La nne ni kazi ya kufomati kukwama katikati, au diski kugonga-gonga. Diski ya namna hiyo imechakaa. Kurudia kuifomati ni kuimaliza. Yanayosomeka yanakiliwe mara moja, kisha inunuliwe nyingine. Na kwa kuwa umeme ukikatika wakati wa kugawa diski waweza kuacha mpango wa vyumba umeandikwa nusu, kazi hiyo isifanywe bila kifaa cha kuhifadhi umeme.

Kugawa diski kuna faida. Programu zikikaa chumba kimoja na hesabu chumba kingine, Windows ikiharibika hufomatiwa chumba cha programu peke yake. Lakini vyumba viwili vilivyo chini ya paa moja huungua pamoja. Hesabu zilizonakiliwa kutoka chumba kimoja hadi kingine cha diski ileile hazijahifadhiwa, kwa maana diski ikifa vyote hufa.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa au kufomati, hesabu zinakiliwe katika vifaa viwili, kimoja kikatunzwe nje ya ofisi. Nakala ifunguliwe katika mashine nyingine, idadi ya wanachama ihesabiwe, na jumla ya kilo ilinganishwe na vitabu. Kamati ya chama ijulishwe na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Hati za kupokelea mazao zisitupwe kwa sababu tu zimeingizwa katika kompyuta. Fundi aweza kuirudisha mashine katika hali nzuri kwa siku moja. Lakini kilo za mkulima zilizofutika, kama hazikuandikwa pengine, hakuna fundi wa kuzirudisha.