Divai ya jangwani: safari kutoka Talampaya mpaka Chilecito

Kaskazini-magharibi mwa Argentina kuna bonde ambalo mvua karibu hainyeshi. Hata hivyo wakulima wadogo wa huko, waliojiunga katika koperative, wanauza divai yao mpaka Ulaya. Wanafanyaje? Tufuate barabara yao, tuone kwa macho na tujifunze.



Mara nyingi katika gazeti letu tunazungumzia muhogo, maharagwe na kahawa, mambo ya shambani kwetu. Leo tunawaomba mtoke nasi kidogo. Tunavuka bahari mpaka Amerika ya Kusini, katika jimbo la La Rioja, chini ya milima ya Andes. Huko watu wanasema Kihispania, na watalii wanakuja kutoka mbali kutazama mawe mekundu. Sisi pia tutayatazama, lakini mwisho wa barabara kuna kitu kinachotuhusu zaidi: mji mdogo wa Chilecito, na zabibu zake.

Mawe yenye rangi ya udongo wetu

Tunaanzia Talampaya. Ni korongo, ni kusema bonde jembamba lenye kuta za mawe pande mbili. Kuta zenyewe zinasimama wima kama zimekatwa kwa panga, na kuna mahali zinafika karibu mita 150. Mtu akisimama chini anajiona kama sisimizi. Argentina ilipafanya mahali hapa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1997, na mwaka 2000 UNESCO ikapaandika katika urithi wa dunia pamoja na hifadhi jirani ya Ischigualasto. Huruhusiwi kuingia korongoni na gari lako. Unaingia na mtu wa kukuongoza, mwenyeji anayejua njia.

Rangi ndizo zinawashangaza wageni: nyekundu, pinki, kahawia, na kwa makorongo mengine ya jirani hata kijani na kijivu. Lakini mkulima wa Kongo hatashangaa sana, maana ile nyekundu anaijua. Ni chuma. Chuma kilichomo ndani ya udongo kikikutana na hewa kinapata kutu, na kutu inapaka kila kitu rangi nyekundu. Ni sawa na udongo mwekundu unaoshika kwenye jembe lako kila asubuhi. Pale ambapo chuma hakikupata hewa, jiwe linabaki kijani au kijivu.

Mawe hayo yalikuwa mchanga na matope zamani sana, kati ya miaka milioni 250 na milioni 200 iliyopita. Ndani yake wataalamu wamekuta mifupa ya wanyama wa wakati ule. Mito ilileta matope, matope yakageuka jiwe, kisha maji na upepo vikaanza kulichonga. Chini ya kuta kuna michoro ya wanyama na watu, waliyoichonga wenyeji wa zamani kabla Wahispania hawajafika. Kuna pia mawe yenye mashimo ya mviringo, mahali walipokuwa wakitwanga chakula. Kumbe hata katika jangwa hilo kulikuwa na jiko na kinu!

Jangwa ni jangwa kweli. Kwa mwaka mzima hainyeshi hata milimita 200. Mji wetu wa Bukavu unapita milimita 1,000, na kuna miezi ambayo sisi tunapata karibu ile yao ya mwaka mzima kwa mwezi mmoja tu. Wakati wa kiangazi joto la mchana linaweza kupita digri 40, na usiku wa majira ya baridi maji yanaganda. Juu ya nini mvua ni haba hivyo? Kwa sababu ya milima. Mawingu ya Bahari ya Pasifiki yanazuiwa na Andes, na yale ya upande wa Atlantiki yanamaliza mvua yake njiani kabla ya kufika.

Kupanda Miranda

Kutoka Talampaya tunapita mji wa Villa Unión, kisha tunachukua barabara namba 40 kwenda Chilecito. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 100. Katikati kuna mlima unaoitwa Cuesta de Miranda. Barabara inajipinda na kujipinda mpaka mita 2,000 hivi juu ya bahari, mawe mekundu kulia na kushoto, na chini kabisa kijito chenye majani mabichi kando yake. Zamani madereva waliiogopa. Leo ina lami.

Tazama kile kijito. Ukisimama juu ya Miranda unaelewa nchi nzima kwa jicho moja: pale maji yanapopita pana kijani, na hatua kumi pembeni hakuna hata jani. Huko hakuna shamba la bahati, la kusema labda mvua itanyesha. Kila mti ulioota katika bonde kuna mtu aliyeuletea maji.

Maji yanatoka wapi?

Chilecito iko mita 1,000 hivi juu ya bahari, kati ya milima miwili mirefu, Famatina na Velasco. Kilele cha Famatina kinapita mita 6,000, na huko juu kuna theluji. Theluji ikiyeyuka, maji yanashuka kwenye mito midogo, yanaingia mifereji, na mifereji inayapeleka mashambani. Mengine yanavutwa kutoka visimani. Ndiyo maana watu wa Chilecito wanatazama mlima ule kama sisi tunavyotazama mawingu ya mwezi wa tisa.

Kwa mifereji ya huko, maji yanagawanywa kwa zamu. Siku yako na saa yako ikifika unafungua mlango wa mfereji, saa ikiisha unafunga, jirani anafungua. Anayeiba zamu anamwibia mtu anayemjua kwa jina. Na mfereji unapoziba mchanga, wote wanaoutumia wanahusika, sawa vile sisi tunavyofanya salongo ya barabara. Siku hizi mashamba mengi yameweka mipira midogo inayodondosha maji kwenye mizizi tu, ili hata tone moja lisipotee.

Mizabibu yenyewe mingi inapandishwa juu ya kichanja, kama tunavyofanya kwa marakuja. Majani yanatengeneza kivuli, na vichala vinaning'inia chini yake bila kuchomwa na jua. Mkulima anaogopa mambo mawili hasa: baridi kali inayounguza machipukizi, na upepo wa moto unaoitwa Zonda, ambao unashuka mlimani na kukausha maua. Lakini ukame una faida yake pia. Pale ambapo mvua ni haba, ukungu na magonjwa ya majani ni machache, na dawa ya kupuliza inapungua.

Zabibu haisubiri

Zabibu inayotambulisha eneo hili inaitwa Torrontés Riojano. Inatoa divai nyeupe yenye harufu nzuri kama maua. Ilizaliwa huko huko Argentina, kwa kukutana kwa zabibu mbili zilizoletwa kutoka ng'ambo: ile ya muskati ya Alexandria na ile nyeusi ya Wahispania wa kwanza.

Mavuno yanaanza mwezi wa pili na kuendelea mpaka wa nne. Hapo ndipo mkulima wa zabibu anafanana kabisa na mkulima wa kahawa. Zabibu ikichumwa haisubiri. Ikikaa kwenye joto inaanza kuchacha yenyewe. Lazima ifike kiwandani mapema, ipimwe uzito, ipimwe sukari, ikamuliwe, na maji yake yatiwe kwenye matanki ya baridi ili yachache polepole. Sisi tunaopika kasiksi tunajua: hamira inakula sukari na kuigeuza pombe. Tofauti ni kwamba katika divai nyeupe wanazuia joto lisipande, ndipo harufu ile inabaki.

Sasa fikiri mkulima mwenye hekta mbili au tatu, bila kikamulio, bila tanki. Kamioni ya mnunuzi imesimama barabarani. Zabibu zimeiva. Mnunuzi anataja bei anayotaka, na mkulima anakubali, maana kesho mali yake itakuwa imeharibika. Hadithi hii tunaijua. Wazee wa kando ya Ziwa Kivu wanakumbuka kahawa iliyovushwa usiku kwa mitumbwi kwa bei ya kutupa, na wanakumbuka pia wenzao waliozama. Asiye na mashine wala depo hana bei.

Ndivyo ilivyozaliwa koperative ya La Riojana. Ilianzishwa mwaka 1940 hapo Chilecito na wakulima waliotoka Italia. Leo ina mamia ya wanachama, na wengi wao ni wakulima wadogo wenye hekta chache tu. Kiwanda ni chao. Kamioni ya mnunuzi si mlango wao wa pekee tena.

Nyongeza ilikwenda wapi?

Mwaka 2006 La Riojana ilipata cheti cha Fairtrade, ni kusema biashara ya haki. Mmoja wa wanunuzi wake ni koperative kubwa ya Uingereza yenye maduka yake yenyewe: koperative inauzia koperative. Kwa cheti hicho, mbali na malipo ya divai yenyewe, mnunuzi anatoa nyongeza, ile ambayo kwetu wengi wanaiita prime. Nyongeza hiyo si makuta ya mwenyekiti wala ya komite. Wanachama katika mkutano mkuu ndio wanaamua itafanya nini.

Kazi ya kwanza waliyoichagua haikuwa gari, wala ofisi yenye vioo. Ilikuwa maji ya kunywa kwa kijiji cha Tilimuqui, ambapo familia nyingi za wakulima na wafanyakazi zinaishi. Baadaye ikaja shule ya sekondari ya kilimo katika kijiji hicho hicho, iliyofunguliwa mwaka 2010, ili watoto wasiache bonde kwa kukosa masomo.

Koperative zetu za kahawa zenye cheti hicho zinaijua hesabu hii. Kwa kahawa, nyongeza ni senti 20 za dola kwa kila libra, na 5 kati yake lazima ziende kwenye mavuno na ubora. Kontena moja la magunia 320 ya kilo 60 linaleta zaidi ya dola 8,400. Ni feza ya kutosha kukarabati chemchemi ya kijiji, na ni feza inayoweza kuyeyuka bila mtu kujua, kama hakuna mkutano na hakuna karatasi ya hesabu ukutani.

Nyaya za zamani na mlima usioguswa

Kabla ya kuondoka Chilecito, inua macho. Utaona minara ya chuma inapanda mlimani, mmoja nyuma ya mwingine. Ni njia ya nyaya iliyojengwa na kampuni ya Kijerumani mwaka 1903 na 1904. Ina urefu wa kilometa 34 hivi, vituo 9 na minara 262, na inafika mgodi wa La Mejicana, karibu mita 4,600 juu. Visanduku vilivyoning'inia kwenye nyaya vilishusha dhahabu, fedha na shaba. Hata jina Chilecito, ni kusema Chile Ndogo, watu wanasema lilitokana na wachimbaji waliotoka Chile. Katika miaka ya 1920 kazi ikasimama. Leo minara ile ni ya kupigwa picha na watalii.

Karne moja baadaye kampuni nyingine kutoka nje zilikuja kutafuta dhahabu ya Famatina. Kuanzia mwaka 2006 wenyeji wa Famatina na Chilecito, wakulima, walimu na akina mama, walikutana wakasema: Famatina haiguswi. Waliogopa maji yao. Walifunga barabara ya mlimani, na mwaka 2012 tena, mpaka kampuni zikasimamisha mipango. Kulikuwa na mabishano makali, maana wengine walitaka kazi za mgodi. Hatusemi kwamba kila mgodi ni mbaya. Katika Kongo yetu watu wengi wanakula kwa madini. Tunasema tu kwamba watu wale walijua maji yao yanatoka wapi, kwa hiyo walijua pia nini cha kulinda. Na mpaka leo mizabibu inazaa kila mwezi wa pili.

Turudi nyumbani

Sisi Mungu alitupa mvua, na pengine ndiyo maana hatuihesabu. Mtu wa Chilecito anahesabu kila tone, kila saa ya zamu, kila kichala. Akikosa jirani yake, anakosa maji. Akikosa koperative, anakosa bei.

Maswali ya kuzungumzia katika mkutano wenu:

1. Chemchemi au mto unaonywesha mashamba yetu unaanzia wapi? Nani anaulinda, na nani anakata miti hapo juu?
2. Ni mazao gani yetu hayasubiri? Siku yanapoiva, nani anapanga bei: sisi au kamioni?
3. Tungepata nyongeza ya dola 8,400 leo, tungechagua nini kwanza? Nani angeamua, na hesabu tungeiona wapi?

Someni, bishaneni kwa heshima, kisha andikeni majibu katika daftari la koperative. Maneno yasiyoandikwa yanapotea kama maji katika mchanga.