Uzi: Ukiahidiwa tableti shuleni, uliza zitashikwa na nani

Kampeni zikikaribia huku kwetu Laare, kuna ahadi moja haikosi. Mtu anasimama juu ya gari, kipaza sauti mkononi, anasema kila mtoto wa shule atapata tableti. Makofi. Wiki inayofuata anakuja mwingine, yeye anasema simu na tableti ndizo zimeharibu watoto wetu, akiingia atazipiga marufuku. Makofi tena, na mengine ni ya watu wale wale.

Uzi huu si wa kumpigia mtu debe. Mimi nafundisha Kiswahili, na nataka tuelewe kinachobishaniwa, hasa upande wa masomo ya lugha. Mtoto asiposhika kusoma mapema, hata hesabu na sayansi zinamponyoka, kwa sababu swali lenyewe hawezi kulisoma.

Tuanze na historia, maana wengi wanaisimulia nusu. Ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013. Zabuni ya kwanza ikafutwa 2014. Laptopu zikageuka kuwa tableti, na mwaka 2016 zikaanza kwa majaribio katika shule 150 kabla ya kusambazwa nchi nzima. Kazi walipewa Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT, kila kimoja na washirika wake wa kampuni za nje. Mwishowe vifaa zaidi ya milioni 1.1 vilifika katika shule za msingi za umma zaidi ya 21,000. Kwa hivyo anayekwambia ati hakuna kilichofika, anakudanganya. Vilifika. Na si tableti za watoto tu: kulikuwa na za walimu, projekta, na seva ya kuhifadhi masomo ili shule isitegemee intaneti.

Swali la haki ni moja: vilipofika, vilifanya kazi gani? Hapo midomo inakuwa mizito pande zote mbili. Shule nyingi zilifungia mashine kwenye kabati la chuma kwa kuogopa wezi. Betri zikazeeka humo ndani. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Kwa MWAKA. Toa vitabu, stima, chaki na mitihani, halafu uniambie kioo cha tableti kikipasuka kitalipwa na nini. Mwalimu mkuu anaona heri ikae kabatini ikiwa nzima kuliko aulizwe ilivunjwa na nani. Mimi simlaumu.

Sasa, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye mkutano wowote wa siasa, na ni la hapa hapa Kenya.

Kabla ya Tusome kuanza nchi nzima mwaka 2015, kulikuwa na mpango wa majaribio ulioitwa PRIMR. Katika shule za Kisumu walilinganisha njia tatu. Kundi la kwanza, tableti ilipewa afisa wa elimu anayezunguka shuleni kuwasaidia walimu. Kundi la pili, tableti zilipewa walimu. Kundi la tatu, kila mtoto alipewa kifaa chake cha kusomea. Makundi yote yalipata vitabu na mafunzo ya walimu ya aina moja. Halafu wakapima watoto kusoma, Kiswahili na Kiingereza, na kuwalinganisha na shule ambazo hazikuwa kwenye mpango.

Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale wa nje ya mpango. Lakini kati ya kundi na kundi, tofauti haikuwa kubwa ya kutajika. Kilichotofautiana sana ni bei. Kumpa kila mtoto kifaa kulikuwa ghali zaidi, na kumpa afisa mmoja tableti moja kukawa ndiyo njia iliyolipa zaidi kwa kila shilingi. Utafiti huo ulichapishwa 2016 na Benjamin Piper na wenzake. 2016, mwaka ule ule tableti za watoto zilikuwa zinaanza kusambazwa.

Tusome ilifuata njia ya tableti kwa afisa. Maafisa wa CSO walipewa tableti, wakawa wanaingia darasani, wanaangalia mwalimu anavyofundisha, wanawasomesha watoto watatu kwa majaribio, na tableti inawaonyesha pa kumshauri mwalimu. Kifaa kilirekodi pia mahali walipo, na nauli yao ikalipwa kulingana na shule walizofika kweli. Upande wa mtoto kilichobadilika ni kitabu: kila mmoja alipata chake cha Kiswahili na chake cha Kiingereza, badala ya watoto watatu kuvutana kitabu kimoja. Si jambo la kupigia picha na mheshimiwa, najua. Kitabu hakiwaki taa.

Na si Kenya tu. Peru waligawa laptopu mashambani, na watafiti wakapima katika shule 319. Alama za hesabu na za lugha hazikupanda. Watoto walijua sana kutumia ile laptopu, hilo lilionekana wazi, na lina faida yake. Lakini kama ulipigia kura kusoma na kuandika, si ulichoahidiwa.

Hapo sijagusa suala la lugha gani. Mtoto wa Laare anaingia shule akiwa na Kiigembe. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa kwamba miaka ya kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inafanya Kiswahili lugha ya taifa, Kiswahili na Kiingereza lugha rasmi, na kuitaka serikali iendeleze lugha za kiasili. Sawa. Tableti zilipokuja, Kiswahili na Kiingereza vilikuwemo, Kimeru hakikuwa miongoni mwa masomo yaliyopakiwa. Hata kuandika ni shida: Kimeru kina herufi ĩ na ũ, na kibodi nyingi za simu hazikupi hizo bila kuhangaika. Halafu Kimeru cha maandishi kimeegemea sana Kiimenti, kwa hivyo mtoto wetu hata akikipata anakutana na maneno ambayo nyumbani hayasikii. Mwanasiasa akisema "masomo ya kidijitali kwa lugha ya mama", mwulize ni ya mama yupi, na nani ataandika hadithi hizo.

Wanaotaka simu zipigwe marufuku wana hoja, tusiwacheke. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilionya kwamba simu darasani huvuruga masomo, na Uswidi mwaka huo huo ilitenga pesa kurudisha vitabu vya karatasi. Lakini simu kumi mikononi mwa wanafunzi kumi wanaotazama video, na simu moja mkononi mwa mwalimu, si kitu kimoja. Nikiwa darasani hurekodi mtoto akisoma aya moja, kisha namchezea ajisikie. Huku kwetu h hupotea, "hapa" inakuwa "apa". Nikimsahihisha mimi, anainama. Akijisikia mwenyewe anacheka, anarudia, na mara ya tatu h imerudi. Haihitaji data wala tableti ya kila mtu. Inahitaji mwalimu mwenye darasa la watoto anaoweza kuwafikia, na hapo tunarudi kwa uhaba wa walimu, ahadi ambayo haina mng'aro wa kioo.

Kuna wanaosema basi wazazi wanunue wenyewe. Tulishajaribiwa hapo. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Corona, masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Mwezi huo huo ndege za miraa kwenda Somalia zikasimama, na soko lile halikufunguliwa mpaka Julai 2022. Yaani mzazi wa Laare aliambiwa anunue data wakati ule ule mfuko wake ulikatwa. Sensa ya 2019 ilikuwa imeshasema: nyumba zenye kompyuta, laptopu au tableti Kenya nzima ni asilimia 8.8, zenye redio asilimia 56.9. Hizo ni hesabu za nchi, pamoja na Nairobi. Mpango wa lugha unaosahau redio umesahau watu wengi.

La mwisho, na hili linawaponyoka wengi: nani anaweza kutimiza ahadi hiyo? Nyongeza ya Nne ya Katiba imegawa kazi. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari, mtaala na mitihani ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo anayetaka uMCA au ugavana akiahidi tableti kwa watoto wa Gredi ya 4, mwulize kwa bajeti gani. Anaweza kuahidi chekechea, na huko kuna kazi kubwa: walimu wa PP1 na PP2 ni wake, na vitabu vya hadithi kwa Kiigembe anaweza kugharamia kesho asubuhi. Mbunge anaweza kujenga darasa kwa NG-CDF na kupigania bajeti ya walimu kule bungeni. Huyo mwulize kura yake iliendaje bajeti ilipopita.

Maswali wekeni hapa chini, nitajibu jioni nikitoka shule. Wenye matusi ya vyama, tafadhali pelekeni kwingine.