Kongosho Linapovimba Ghafla: Vipimo vya Damu Husema Nini?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vipimo vya damu vinavyotumika kukadiria ukali wa ugonjwa wa kongosho. Msomaji huenda akauliza: mada hii inaihusu nini idara ya lugha? Hapa Uganda wakimbizi wengi kutoka Kongo huzungumza Kiswahili, na mwanafunzi wetu wa ukalimani aweza kuitwa wakati wowote kando ya kitanda cha mgonjwa. Hapo kosa la neno moja si la kukatiwa alama tu.

Kongosho ni tezi iliyo nyuma ya mfuko wa tumbo. Hutengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula. Vijiwe vya nyongo vikiziba njia yake, au pombe ikilidhuru, vimeng'enya hivyo huanza kazi mahali pasipo pake na kulisaga kongosho lenyewe. Mgonjwa hupata maumivu makubwa juu ya kitovu, aghalabu yakipenya hadi mgongoni, na kutapika. Wagonjwa wapatao 8 katika kila 10 hupona bila madhara makubwa. Waliobaki huweza kupata madhara mazito. Wengine figo au mapafu hushindwa kufanya kazi, na baadhi hufa. Shida ni kwamba siku ya kwanza makundi haya hufanana sana.

Sasa tuje kwenye damu. Vimeng'enya viwili, amilasi na lipasi, huvuja na kuingia katika damu. Kimojawapo kikifika mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, daktari hupata ushahidi mzito kwamba tatizo ni kongosho. Lakini ushahidi huo unaishia hapo. Aliyefikisha mara 10 anaweza kurudi nyumbani baada ya siku chache, na mwenye amilasi ya chini akawa mahututi. Ndugu wa mgonjwa wakisikia "mara 10" hushtuka, na mkalimani asiyejua tofauti hii huwashtua zaidi.

Ukali hutafutwa kwingine. Ugonjwa ukizidi, mishipa huvujisha maji, damu huwa nzito na figo hupungukiwa. Kwa hiyo hupimwa hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyojaa chembe nyekundu: ikizidi asilimia 44 na isishuke baada ya mgonjwa kutiwa maji kwa saa 24, ni dalili mbaya. Urea inayozidi kupanda nayo ni dalili mbaya. Protini iitwayo CRP ikivuka miligramu 150 kwa lita hutia wasiwasi, ingawa huchelewa: huaminika zaidi baada ya saa 48. Mwaka 1974 daktari Ranson wa New York na wenzake walipendekeza vigezo 11, vingi vikiwa vya damu, navyo pia hukamilika baada ya saa 48. Mizani iliyotolewa mwaka 2008 ina mambo 5 tu na hutumika ndani ya saa 24, urea ikiwa mojawapo. Hakuna hata kimoja kisichokosea. Ndiyo maana damu hupimwa tena na tena.

Na hapa Kiswahili chetu kinatutega. Neno "kali" tunalitumia kwa ugonjwa ulioanza ghafla na pia kwa ugonjwa wa hatari. Madaktari hutenganisha mambo hayo: kwa uainishaji wa Atlanta uliorekebishwa mwaka 2012, ugonjwa huitwa mkali pale tu kiungo kinaposhindwa kazi kwa zaidi ya saa 48. Tunapendekeza "kuvimba kwa ghafla" kwa maana ya kwanza, na "kali" libaki kwa ya pili. Tuepuke pia "uvimbe wa kongosho", kwa kuwa wengi husikia saratani; na "kutabiri", ambalo lina harufu ya unajimu. "Kukadiria" latosha.

Mkalimani basi angesema hivi: "Mama, damu imeonyesha kwamba kongosho limevimba. Kama ni kali au la, bado haijajulikana. Watapima tena kesho na keshokutwa."