Chuo cha Sokoine na majirani zake

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho wengi hukiita SUA, kipo chini ya milima ya Uluguru mjini Morogoro. Kilianzishwa Julai 1984, miezi michache baada ya Waziri Mkuu Edward Sokoine kufariki kwa ajali ya gari mkoani humo. Mizizi yake ni chuo cha stashahada cha mwaka 1965, kilichogeuka kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Mwaka 1992 kilikabidhiwa pia majengo ya Mazimbu, yaliyokuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Leo majengo hayo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu.

Kazi yake iliyowagusa majirani kwa namna ya pekee inahusu panya. Panya shamba hufukua mbegu za mahindi kabla hazijaota, na mkulima hulazimika kupanda upya, mara nyingi kwa mbegu ya kukopa. Watafiti wa SUA, wakishirikiana na wenzao wa Antwerp nchini Ubelgiji, kwa miaka mingi waliwanasa panya hao, wakawatia alama na kuwaachia. Walibaini kwamba vuli ikiwa na mvua nyingi, panya huzaa mapema na kufurika mashambani. Kwa hiyo tahadhari inaweza kutolewa kabla ya madhara, na hilo lina thamani kubwa kuliko sumu inayomwagwa mbegu zikiwa zimekwisha kuliwa.

Panya buku nao wamepewa kazi nyingine. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO huwafundisha chuoni hapo kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Baadhi walipelekwa Msumbiji, na wengine Kambodia. Wengine hunusa makohozi kutoka vituo vya afya. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika zipatazo 20, na anazozitilia shaka hupimwa tena maabara. Kwa njia hiyo hugunduliwa wagonjwa wa kifua kikuu ambao hadubini ya kituo haikuwaona, nao huanza dawa mapema, jambo linalopunguza hatari ya kuambukiza familia zao.

Upande wa mazao, chuo kimetoa aina za maharage kama SUA 90, Rojo na Pesa. Maharage hujichavusha yenyewe, hivyo mkulima huweza kutunza mbegu kutoka kwenye mavuno yake na kumgawia jirani, hata katika kijiji ambacho bwana shamba hafiki.