Magimbi Kivulini: Litazame Jani Kabla ya Kupanda

Katika nchi ya Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, nyumba nyingi zimezungukwa na migomba, na siku hizi kakao imeongezeka sana kati ya migomba hiyo. Kivuli chake ni kizuri, lakini mahindi na mihogo haistawi chini yake. Hivyo mwenye shamba huuza kakao, kisha fedha ile ile huitumia kununua chakula. Yafaa basi tujue mmea wa chakula ustahimilio kivuli, nao ni mgimbi.

Mgimbi una majani mapana, kwa hiyo hutosheka na mwanga kidogo. Hata hivyo giza haulitaki. Penye kivuli kizito mno vikonyo hurefuka bure na gimbi huwa dogo. Chagua mahali ambapo saa sita mchana mabaka ya jua huonekana chini.

Ziko aina mbili, na jani ndilo litakalokuonyesha. Katika aina ya kwanza, kikonyo kimeshika jani upande wa chini, ndani ya ukingo wake. Hiyo huvumilia maji, nayo yafaa kupandwa karibu na mifereji. Katika aina ya pili, iliyotoka Amerika, kikonyo kimeshika jani penye pengo lake la nyuma. Hiyo haipendi maji yaliyotuama. Ipande mahali palipoinuka. Huko Ghana wakulima huitumia kuvipa kivuli vipando vya kakao vilivyo vichanga.

Panda mvua zinapoanza. Chimba mashimo yenye kina cha shibiri moja, umbali wa futi 3 baina yao, ukachanganye udongo na samadi iliyooza. Usisogee karibu na shina la kakao, kwa maana mizizi yake ya kujilishia iko juu juu, nawe utaikata siku ya kuvuna. Kisha funika udongo kwa majani makavu ya migomba.

Sasa sikiliza neno lililo kubwa kuliko yote. Pengine utaona mgimbi wenye michirizi myeupe au ya manjano kama manyoya ya ndege, ikifuata mishipa ya jani. Wengine huupenda kwa uzuri wake, wakauchukua kuwa mbegu. Huo si uzuri, ni ugonjwa wa mozaiki. Huenezwa na vidukari, na zaidi huenezwa na mkulima mwenyewe apandapo vipando vyenye ugonjwa. Mmea haufi, bali mazao hupungua.

Wenye bustani za maua huko Marekani walijifunza jambo hili kwa hasara. Wao hupenda hosta, mmea wa kivulini wenye majani ya rangi mbili. Baadhi ya hosta zenye mabaka ya ajabu ziliuzwa kama aina mpya, hata mwaka 1996 wataalamu walipotambua kwamba kirusi ndicho kilichotia mabaka yale. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi usingoje siku ya kuvuna ndipo uchague mbegu, kwa sababu majani yakiisha kukatwa magimbi yote hufanana. Chagua mapema, majani yangali mabichi. Kagua mara tatu kwa nyakati mbalimbali, maana michirizi huweza kutoweka kwa muda kisha ikarudi. Simika kijiti penye kila mgimbi wenye afya, na vipando vyako vyote vitoke penye vijiti. Wenye michirizi ung'oe upesi. Kama gimbi lake limekwisha kukomaa, laweza kuliwa, kwa kuwa ugonjwa huo haumdhuru mtu. Ila lipikwe sana kama magimbi yote, lisije likawasha koo.

Mkulima afanyaye hivi kila mwaka ataongeza chakula chini ya kakao yake, wala hatanunua mbegu kwa mtu.