Disketi za Zamani katika Ofisi za Parokia: Amana Inayohitaji Kuokolewa

Waamini wapendwa, pengine ndani ya kabati la ofisi ya parokia yenu kumesahaulika kisanduku cha disketi. Kompyuta zilipoanza kuingia katika ofisi zetu, makarani walihifadhi humo orodha za wabatizwa, hesabu za vigango, barua za mapadre na nyimbo za kwaya. Leo kompyuta mpya hazina tena mahali pa kuzichomeka, na wengi hudhani ni takataka. Tunawasihi: msizitupe.

Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaitaka kila parokia iwe na kumbukumbu zake, na vitabu vya kale navyo vitunzwe kwa uangalifu. Tarehe 2 Februari 1997, Tume ya Kipapa ya Urithi wa Utamaduni wa Kanisa ilitoa barua kuhusu kazi ya kichungaji ya kumbukumbu hizo. Humo tunafundishwa kwamba nyaraka za Kanisa ni mahali ambapo jumuiya ya waamini hutunza kumbukumbu ya maisha yake.

Disketi ni duara jembamba la plastiki lililopakwa chembe zenye usumaku. Ile ya inchi 3.5 iliyozoeleka hubeba megabaiti 1.44 tu, lakini hizo zatosha mamia ya kurasa za maandishi. Adui zake ni vumbi, unyevu, ukungu na sumaku, ikiwemo ile iliyomo ndani ya spika. Inaposomwa, huzunguka mara 300 kwa dakika huku kichwa cha kusomea kikiigusa. Chembe ya uchafu yaweza kuikwaruza na kufuta kilichoandikwa. Tena uchafu huo hubaki kwenye kichwa na kuharibu disketi inayofuata. Ndiyo maana tunasafisha kwanza, ndipo tunasoma.

Kwanza, piga picha lebo ya kila disketi, kisha ifunge isiandikwe: kwa ile ya inchi 3.5, sogeza kifungo kidogo cha pembeni hadi tundu libaki wazi. Kompyuta ikidai kwamba disketi haijafomatiwa na kuomba kuifomati, kataa. Mara nyingi maana yake ni kwamba imeshindwa kusoma, si kwamba disketi ni tupu.

Pili, sogeza kilango chake, zungusha kitovu taratibu kwa kidole na kagua uso wake penye mwanga. Madoa meupe ni dalili ya ukungu. Vaa barakoa na glovu, ufanyie kazi mahali penye hewa, mbali na disketi nyingine.

Tatu, lowesha kidogo kijiti cha pamba kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, upanguse pande zote mbili bila kukandamiza. Badilisha kijiti mara kwa mara, kisha acha disketi ikauke kabisa. Kijiti kikitoka na rangi ya kahawia, simama: tabaka lenye maandishi linabanduka, na kazi hiyo ni ya fundi mzoefu.

Nne, tumia kisomeo cha disketi kinachochomekwa kwa waya wa USB. Nakili disketi nzima mara moja, kisha fanya kazi na nakala. Ukisikia mkwaruzo, itoe papo hapo na kusafisha kichwa cha kusomea. Maandishi ya programu za zamani kama WordPerfect mara nyingi hufunguka kwa LibreOffice, programu isiyolipiwa.

Hata hivyo, disketi hizi hubeba siri za watu. Zisipelekwe kwa fundi wa mtaani bila idhini ya paroko. Nakala zihifadhiwe mahali pawili tofauti, mojawapo ikiwa katika ofisi ya nyaraka ya jimbo.

Tukumbuke pia kwamba orodha ya kompyuta haichukui nafasi ya kitabu cha ubatizo. Lakini tumfikirie kijana anayetaka kufunga ndoa, na kitabu chenye jina lake kimeliwa na mchwa. Kanuni ya 876 inakubali ushuhuda wa mtu mmoja asiye na shaka kuwa uthibitisho wa ubatizo, mradi hakuna anayedhurika. Orodha iliyookolewa kwenye disketi yaweza kumtajia paroko jina la msimamizi wa ubatizo aliyesahaulika, naye akapatikana angali hai.

Basi, halmashauri za parokia zikague makabati yao mapema, kwa kuwa ukungu haungoji. Vijana wenye ujuzi wa kompyuta wajitolee chini ya uongozi wa paroko. Majina yaliyomo humo ni ya ndugu zetu, walio hai na waliotutangulia, na kuyatunza ni tendo la upendo.